Usimtafute Kwenye Mfumo

Tarehe 6 Februari

Kwako Fundi, binti wa kaka yangu,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo wangu si ugonjwa tena, ni mpangaji aliyegoma kuhama. Baba yako goti bado linamsumbua. Ukimwambia aende hospitali anakujibu kwamba goti litapona likichoka kuuma. Kuku wangu mweusi kaatamia mayai mabovu na ukimsogelea anakudonoa. Ndizo habari za nyumbani.

Sasa lawama. Ulipopiga simu ya ofisini ukaniambia nisikupigie tena wala nisikutumie ujumbe, nikiwa na neno niliandike kwa kalamu nilipeleke posta, nilidhani umerukwa na akili. Wewe ambaye unakula kwa kutengeneza kompyuta za maofisi ya watu, leo unanirudisha kwenye bahasha na gundi! Hata karani wa posta amenishangaa. Kaniuliza kama nina kesi mahakamani.

Lakini nimeandika, kwa sababu jambo lenyewe limenikaa kooni. Chiriku amemwacha mumewe. Mwanangu wa pekee, kaondoka bila kuaga, bila hata kunipitia mimi mama yake. Mkwe alikuja akalia sebuleni kwangu, machozi ya kweli, nikamtengenezea chai akashindwa kuinywa. Simu ya Chiriku haipatikani. Mkwe anasema hawakugombana. Anasema labda kuna mtu anamtia maneno, na aliposema hivyo akakutaja wewe.

Mkwe unamjua. Ndiye aliyeninunulia hii simu kubwa, akaifungua mwenyewe, akanipangia kila kitu, kazi yangu mimi ni kubonyeza tu. Kila wiki anapita ofisini na mfuko wa machungwa, anatugawia sote, kisha anakaa kwenye kiti cha wateja pale mezani kwangu kama mtoto wa nyumbani. Mama Pacha, ninayekaa naye meza moja, anasema angepata mkwe kama huyo angemwomba Mungu amwongezee umri.

Halafu ofisini kwetu bima tumeletewa mfumo mpya wa kompyuta. Zamani ukitaka kujua kadi ya bima ya mtu imetumika wapi, uliandika makao makuu ukasubiri mpaka ukasahau ulichouliza. Sasa unaandika jina tu. Mfumo unakuambia katibiwa hospitali gani, mji gani, na anatakiwa kurudi lini. Nchi nzima! Mkuu wa ofisi anatembea kifua mbele utadhani kauvumbua yeye. Mkwe naye juzi kaniuliza, mama, kwa nini usimtafute humo? Nikamwambia ngoja kwanza. Nimeona nikuulize wewe. Yuko wapi mtoto wangu?

Shangazi yako


Tarehe 21 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua imefika. Mimi sijambo. Chumba changu kinavuja juu ya kitanda, nimemwambia mwenye nyumba, akanishauri nihamishe kitanda. Mwambie baba namtumia dawa ya kuchua, aache kubishana na goti.

Chiriku yuko hai. Hayuko kwangu. Mkwe wako alishafika hapa, akakagua mpaka uvunguni huku ananiita shemeji. Mji alioko Chiriku sikutajii. Usiniulize tena, Shangazi. Nakuamini, lakini usichokijua hakiwezi kukuponyoka.

Ule mkono uliofungwa plasta mwaka jana, hakuteleza bafuni. Ameniruhusu nikuambie hilo, mengine atakuambia mwenyewe akitaka. Alitorokea mlango wa jikoni akiwa na kandambili, kadi ya bima kaificha ndani ya nguo, kwa sababu ana mimba. Daktari kamwambia presha iko juu na asikose kliniki hata mara moja. Bila kadi hatatibiwa, na kila akiitumia huo mfumo wenu unaandika. Mumewe alimwambia siku akimwacha atamzika. Hakulisema kwa hasira, alilisema anafunga kamba za viatu.

Umeona sasa kwa nini nimekuomba kalamu? Aliyekufungulia simu ndiye mwenye funguo zake. Ukinitumia ujumbe mimi, anausoma yeye akiwa amejilaza kwake.

Basi nisikilize, tena usinisikilize kama wateja wangu wanaotingisha kichwa kisha wanaendelea na mambo yao. Usimtafute kwenye mfumo. Hata kwa hamu ya mama, usimtafute. Jina lake likitokea kwenye skrini, aliye nyuma ya kiti chako analisoma, na kila anayemtafuta mtu anaacha jina lake mle ndani. Ukiinuka, hata kama unafuata stepla meza ya pili, bonyeza kile kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi L, skrini itajifunga. Neno la siri liwe lako peke yako. Tunga sentensi nzima, tena ya uongo, isiyo na jina la mtu wala siku ya kuzaliwa, mfano wa mbuzi wa jirani anayecheka akiona mwavuli. Hiyo usiitumie, nimeshaiandika. Na kiti cha wateja kigeuze, kitazame mgongo wa kompyuta.

Usimwambie mtu yeyote sababu. Hata Mama Pacha.

Mwanao, Fundi


Tarehe 19 Machi

Fundi wangu,

Nimechelewa kujibu, na usiilaumu posta. Dawa ya kuchua imefika, baba yako anajipaka kisha anainuka kwenda kubishana na redio. Mgongo wangu ni uleule. Kuku nilimwondolea yale mayai akaninunia siku nzima.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama. Kuhusu ule mkono sina la kuandika. Alipofungwa plasta mimi ndiye niliyekuwa namkatia nyama kwenye sahani. Basi, tuliache.

Nilikukasirikia, usidhani sikukasirika. Nikasema huyu mtoto kakaa na kompyuta mpaka anaona wezi kwenye kila dirisha. Mkwe hajawahi kuniinulia sauti. Lakini nikasema kufunga skrini hakunipunguzii kitu, acha nijaribu.

Loo! Hujui ofisi yetu wewe. Kwetu kompyuta hazifungwi. Mtu akienda kunywa chai, jirani yake anamalizia mteja kwenye kompyuta ileile, kwa jina lilelile, na mteja hasubiri. Neno la siri la ofisi nzima lilikuwa moja, limebandikwa kwa selotepu ubavuni mwa kabati la mafaili, na mzee aliyelibandika alishastaafu. Kufunga skrini mbele ya wenzako ni kama kuhesabu vijiko wageni wakiwa bado mezani. Siku ya kwanza nilipofunga nikaenda msalani, niliporudi mteja alikuwa ananuna, Mama Pacha ananuna, na Mkuu kasimama mlangoni kashika kiuno. Siku ya pili ikawa aibu zaidi. Sentensi niliyoitunga ilikuwa tamu mno, nikaisahau. Nimekaa mbele ya mlango wangu mwenyewe nabisha hodi! Ilibidi makao makuu wanifungulie. Tangu hapo naitwa Bi Kufuli. Wanaimba nikipita. Mama Pacha aliniuliza waziwazi, "Kwani sisi tumekuibia nini?" Nikageukia mafaili yangu, kwa sababu umenikataza kusema.

Sasa sikia lililonifanya nishike kalamu. Jumanne mkwe alikuja na machungwa yake. Kiti nilikuwa nimekigeuza. Akakibeba, akakirudisha ubavuni kwangu, huku anaongea na Mama Pacha habari za mvua. Nilikuwa nimefungua taarifa za mteja. Akainama akaniambia polepole, "Mama, liandike jina lake. Nione tu kama yuko salama." Nikabonyeza vile vitufe viwili. Skrini ikawa nyeusi, tukajiona humo mimi na yeye. Akacheka. "Mama, unanifungia mimi?" Nikasema ni amri ya Mkuu. Hapo akanishika kifundo cha mkono, chini ya meza. Hakunivuta. Alikibana tu, akazidi kukibana, na kwa mkono wa pili, juu ya meza, anamchagulia Mama Pacha chungwa. "Chukua hili, mama, hili ndilo tamu." Mama Pacha anacheka. Mimi nimekaa na sura yangu ya kazini, machozi nimeyameza. Aliponiachia alisema atapita tena wiki ijayo.

Alama ya kidole gumba chake ilikaa mpaka Alhamisi. Nimemuogopa, Fundi. Mtu mzima kama mimi, mkwe wangu mwenyewe nimemuogopa. Na mwanangu alikuwa analala naye chumba kimoja.

Niambie kingine cha kufunga, nitakifunga. Na mwambie Chiriku namsalimu. Mwambie ale.

Shangazi yako


Tarehe 5 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, kitanda kimehama mara mbili na tone linakifuata. Mwambie baba redio haisikii.

Umefanya vizuri, tena vizuri sana. Wanaokuita Bi Kufuli waache waimbe. Kwenye kazi yangu nimeona watu wengi werevu wanaibiwa, na karibu wote waliibiwa kwa sababu walimwonea mtu haya.

Ile simu usiitupe wala usiizime. Ukiizima atajua tumejua. Itumie kuulizia bei ya mkaa, iache ikae kabatini wakati wa mazungumzo ya maana. Akikutumia kiungo chochote, sijui picha za harusi, sijui video ya mahubiri, usikifungue kwenye kompyuta ya ofisi. Mtu akipiga simu anajiita fundi wa makao makuu, anataka umtajie neno lako ili akurekebishie, mkatie. Fundi wa kweli hahitaji neno lako. Mimi naingia maofisini kila siku na sijawahi kumwomba mtu la kwake. Flashi akiisahau mezani kwako, usiichomeke kuangalia ni ya nani. Mwachie mfagiaji aiweke kwenye droo ya vitu vilivyookotwa.

La mwisho, na hili ndilo kubwa. Neno lako ni mswaki. Mtu unayempenda unaweza kumpa kitanda chako, mswaki humpi. Hata ukiugua, liugue nawe. Kazi ilale.

Chiriku nimemfikishia salamu. Aliuliza kama mgongo bado unakuuma. Hakusema zaidi, nami sikumchimba. Tumbo limeanza kuonekana. Anakula.

Mwanao, Fundi


Tarehe 3 Mei

Fundi mwanangu,

Ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue naandikia kitandani. Nimeugua mapafu. Nilidhani ni mafua, nikaenda nayo kazini kwa ubishi, nikaangukia kwenye benchi la wateja. Daktari kanilaza, kanitoa, kaniambia nisiinuke mpaka aseme yeye. Baba yako anakuja na goti lake kunipikia uji. Uji wake una madonge, namsifia kwa kuwa ndiye kaka niliyepewa. Nimefurahi kwamba Chiriku anakula. Ile sehemu ya kuulizia mgongo nimeisoma mara nyingi.

Nakuambia jambo na usinigombeze, sina kifua cha kugombezwa.

Huu mfumo siku hizi ndio unaoandika mahudhurio. Usipoingia kwa jina lako unahesabika mtoro, hata daktari aandike nini, na barua ya onyo inajiandika yenyewe. Mkuu anasema hana uwezo wa kuizuia. Nimebakiza muda mfupi nistaafu, nikipata onyo nitaanza kusumbuliwa kwenye malipo ya kiinua mgongo changu.

Juzi ofisi nzima ilikuja kuniona. Wote! Walikaa mpaka kwenye ngazi. Kule kununa kote kumekwisha. Waliimba ule wimbo wa Bi Kufuli nikacheka mpaka nikakohoa. Mama Pacha alinifulia shuka bila kuombwa, akanichana nywele, akaniambia, "Dada, tumekukosa. Kile kiti kimepoa." Kwetu mtu akiugua au akifiwa, jirani yake wa mezani anamshikia kazi kwa jina lake, asionekane mtoro. Tumefanya hivyo tangu enzi za madaftari. Mimi mwenyewe nilimshikia alipojifungua wale pacha. Akanishika mkono akasema, "Nipe neno lako nikuingizie asubuhi, uugue kwa amani."

Nilimpa. Ningemkatalia kwa lipi, Fundi, shuka zangu zikiwa bado zinadondosha maji kwenye kamba? Nimemwambia asifungue kitu, aingie tu na kutoka. Nikipona nitalibadilisha siku hiyohiyo.

Shangazi yako


Tarehe 10 Mei

Shangazi,

Salamu zote na pole zote. Badilisha leo. Usisubiri kupona. Mwambie baba akukodie gari hata kama utabebwa.

Nimepiga simu ya ofisini mara mbili. Aliyepokea ni Mama Pacha, akaniambia unapumzika na nisikusumbue. Sauti yake nzuri. Sikuweza kumwambia kitu kwa sababu sikujua nani kasimama karibu yake. Simu yako nimeogopa kuipiga, unajua kwa nini. Chiriku nimemtumia mtu, kwa sababu namba yake mpya siiweki hata kwenye simu yangu, amwambie asiende kliniki yake, lakini aliyetumwa bado hajarudi, na presha yake si ya kuruka siku. Nimeomba ruhusa kazini, wamenipa kuanzia Ijumaa. Ijumaa napanda basi kuja.

Kama Mama Pacha anaweza kuja kukuchana nywele, mwambie ukweli wote. Nafuta nilichokukataza.

Fundi


Tarehe 22 Juni

Shikamoo Shangazi,

Sikuandika muda wote huu kwa sababu nilikuwa hospitali, na baadaye kwa sababu sikutaka. Nimesikia kwa baba kwamba umepona mapafu. Namshukuru Mungu kwa hilo. Baba anajua nusu tu, sikuwa na nguvu ya kumweleza yote.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, maana polisi watakueleza vibaya. Alhamisi, siku moja kabla ya safari yangu ya kuja kwako, ndiyo ilikuwa siku ya Chiriku ya kurudi kliniki. Niliyemtuma alichelewa. Mume alikuwa kakaa kwenye benchi la akina mama wajawazito na mfuko wa matunda, na mlinzi alimpitisha kwa sababu ya ule mfuko, alionekana kama mtu anayekuja kumwona mgonjwa. Alijua mji, alijua kliniki, alijua siku. Chiriku alipoitwa jina dirishani, yeye ndiye aliyeitika.

Alimchoma kisu mgongoni, na mikononi alipojikinga. Dereva wa gari la wagonjwa alimpiga yule mtu kwa spana ya magurudumu, ndiyo maana Chiriku yuko hai. Moyo wa mtoto haukusimama. Nilisimama pembeni ya kile kifaa cha kusikilizia mapigo nikausikia kwa masikio yangu. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena. Yule mtu walimkamata, na kabla Chiriku hajatolewa nyuzi, alikuwa ameshatoka kwa dhamana.

Mpelelezi alileta karatasi kutoka makao makuu ya bima. Jina la Chiriku lilitafutwa kwenye mfumo siku tatu kabla. Aliyetafuta ni wewe. Jina lako limeandikwa kamili, na saa ni ya kazini. Alimwonyesha Chiriku pale pale kitandani, kabla mimi sijafika kumzuia.

Nilimwambia Chiriku, mama yako alikuwa mgonjwa, hakuwepo ofisini. Akaniuliza, "Sasa nani alimpa mtu neno lake?" Nikamwambia basi nilaumu mimi, mimi ndiye niliyemkataza mama kumwambia mwenzake. Akasema, "Wewe nakulaumu pia."

Wiki iliyofuata nilimpelekea supu, nikakuta kitanda kimetandikwa. Kaondoka na mgongo wa nyuzi na tumbo la miezi sita. Hakuniachia ujumbe. Shangazi, safari hii hata mimi sijui aliko.

Nakuomba usiniandikie kuniuliza.

Fundi


Tarehe 14 Septemba

Fundi, mwanangu,

Umzima? Mimi natembea. Baba yako kachomwa sindano ya goti, sasa anatembea haraka kuliko mimi na anataka kila mtu amwone. Kuku mweusi tumemla, nisikudanganye, alikuwa mgumu.

Sikuulizi kitu. Nimengoja mpaka niweze kuandika bila kuuliza.

Barua yako ya Mei ilinifikia Ijumaa asubuhi. Ile ya kusema badilisha leo. Baba yako aliniletea pamoja na uji. Niliamka nikavaa kanga juu ya gauni la kulalia, tukakodi gari, nikaingia ofisini nimeshikiliwa kama bibi harusi. Mama Pacha alifurahi kuniona. Kabla sijakaa akaniambia, "Hongera dada, kumbe unatarajia mjukuu, umetuficha!" Nikamuuliza kaambiwa na nani. Mkwe alikuwa amekuja Jumatatu na machungwa. Kamwambia Mama Pacha eti mimi nimemtuma, naogopa kadi ya Chiriku isije ikawa imekatika naye ana mimba, hebu aangalie kama bado inalipa. Mama Pacha kaangalia. Alifurahi kuona inalipa, akamsomea mpaka siku ya kurudi, ili mume asisahau kumpeleka. Hayo kaniambia anatabasamu, Fundi. Anatabasamu! Nilipomweleza alikaa sakafuni. Alijipiga mashavu mpaka Mkuu akaja kumshika.

Sikumpiga, na sikumkumbatia. Bado tunakaa meza moja. Anakuja na chai yangu, naipokea, nainywa. Chuki nimeitafuta sikuipata, na msamaha nao sijauona. Makao makuu waliniita, wakaniuliza nani alitumia jina langu. Nikasema jina ni langu na neno nililitoa mimi. Wamenipa onyo, lile lile nililokuwa nalikimbia. Mama Pacha sikumtaja. Ana pacha wa kusomesha, na kumtaja hakutanikunjia Chiriku vidole.

Mkwe alikuja mwezi uliopita. Mchana kweupe, shati limepigwa pasi. "Shikamoo mama." Akakaa kwenye kile kiti, akasema kesi yake itachukua miaka, na mtoto ni wake, ana haki ya kujua kazaliwa wapi. Nikafunga skrini mbele ya macho yake. Mama Pacha akafunga ya kwake. Halafu nikasikia vitufe meza ya pili, na ya tatu, mpaka kwa Mkuu. Alikaa kidogo, akaondoka. Atarudi, namjua. Ile karatasi ya neno la siri pale kabatini ilishabanduliwa, na siku hizi mteja anasubiri mpaka mwenye meza amalize chai. Wanatutukana, wana haki. Sote tumejifunza, na bei yake kalipa mtoto wangu.

Sasa jambo lenyewe. Baada ya yale, makao makuu wameongeza kitu kwenye mfumo. Ukimtafuta mtu, mwenye kadi anapata ujumbe kwenye simu aliyojiandikishia: fulani wa ofisi fulani ameangalia taarifa zako. Ujumbe unakwenda papo hapo, hauna kufuta. Ni kitu kizuri. Kingekuwepo Mei, angekimbia.

Kwa hesabu yangu ameshajifungua. Mimba ya presha, na mgongo ule. Sijui kama alipita salama. Sijui ni wa kike au wa kiume, sijui alilia alipozaliwa. Sijui kama nina mtu wa kuzika. Yote yamo humu kwenye hii kompyuta. Kila asubuhi naingia kwa neno langu, na kitu cha kwanza kinachotokea ni kile kisanduku cheupe cha kuandika jina. Herufi za jina lake nilizichagua mimi mwenyewe siku niliyomzaa, vidole vinazijua. Nikiandika nitajua, kabla chai haijapoa.

Naye ataliona jina langu kwenye simu yake. Atafunga virago siku hiyohiyo, na kichanga mgongoni, juu ya makovu.

Basi naandika jina la mteja aliye mbele yangu. Jioni nafunga, narudi nyumbani. Kuna siku mkono unatangulia, nimeshafika herufi ya tatu nikafuta. Mama Pacha aliniona nikifuta, akageuza uso.

Sikuombi umtafute. Lakini dunia ina kona, huenda siku moja mkakutana. Usimpe salamu zangu, atakuogopa. Mwambie tu kwamba kazi bado sijaacha, nakaa mezani kila siku, na mfumo upo wazi mbele yangu. Simu yake ikiwa kimya mpaka jioni, ajue ni mimi.

Shangazi yako